MJI HUU SI WA WENYE MIGUU MIWILI PEKE YAO



Kila tukitaja habari ya wenzetu wenye ulemavu katika mji huu wa Kakamega, hawakosi watu wa kuitikia kwa huruma. Hutikisa kichwa, wakatia mkono mfukoni, wakatoa shilingi ishirini. Sisi hatuombi shilingi ishirini. Tunataka njia. Mtu akipata njia ya kufika kazini, sokoni na ofisini, hizo shilingi atazitafuta mwenyewe kama wewe unavyozitafuta.

Tazameni mji wenyewe. Barabara kubwa itokayo Kisumu kwenda Webuye na Kitale yapita katikati yake, na malori, matatu na boda boda vyote vyashindania lami hiyo moja. Kando yake, mahali palipojengwa njia ya miguu, njia hiyo haifiki mbali ila imekatika. Huyu ameinua baraza ya duka lake futi moja, jirani yake futi moja na nusu, wa tatu ameegesha gari. Mbele kuna mtaro, na jiwe la kuufunika limevunjika. Na mvua yetu mwaijua: karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na maji yakijaa mtaro hauonekani. Mwenye macho na miguu mizima huchungulia, akaruka. Je, asiyeona aruke kwenda wapi? Mwenye kiti cha magurudumu hushuka barabarani akaenda sambamba na malori, na siku akigongwa husemwa kwamba ni ajali.

Wakubwa watatuambia kwamba sheria iko. Kweli iko, tena si moja. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, yasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutendewa kwa heshima na ya kufikia mahali pote na vyombo vya usafiri wa umma. Kabla ya hapo ilikuwako Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003. Sheria hiyo iliwapa wenye majengo ya umma miaka 5 kuyarekebisha, na wenye magari ya abiria miaka 2. Sehemu hizo zilianza kufanya kazi Januari 2010. Hesabu ni rahisi: muda wa magari uliisha 2012, wa majengo uliisha 2015. Mei 2025 ikatiwa sahihi sheria mpya badala ya ile, nayo ina maneno mazuri. Lakini mfanya kazi akichelewa kulipa kodi ya nyumba mwezi mmoja, mlango wake hufungwa kwa kufuli. Wenye majengo wamechelewa miaka zaidi ya kumi, na ni nani aliyewafungia?

Wengine kati yenu mwauliza, haya yahusu chama kwa nini? Chama ni cha mishahara. Basi nendeni katika wodi ya mifupa ya hospitali yo yote mhesabu waendesha boda boda. Waulizeni wazee waliokata miwa na kusimamia mitambo ya sukari katika kaunti hii, wawaonyeshe vidole. Ulemavu huku kwetu mara nyingi hutoka kazini. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007 yampa aliyelemaa kabisa mshahara wa miezi 96. Anayepata shilingi 15,000 kwa mwezi, hiyo ni shilingi 1,440,000, na aliyelemaa kwa sehemu hupata kwa kadiri ya sehemu hiyo. Chama hupigania fedha hiyo, na ni haki. Lakini mtu huyo akitaka kumwona wakili, au karani wa bima, au hata katibu wa chama, huambiwa apande ghorofa ya pili. Lifti hakuna. Tumempigania fidia ya mguu, kisha tunamngoja juu ya ngazi.

Na wakubwa si peke yao wa kulaumiwa. Ndugu zetu makondakta, mwaona kiti cha magurudumu stendini mwaangalia upande mwingine, au mwataka mtu mmoja alipe viti viwili. Twajua tajiri mwenye gari anangoja hesabu yake ya jioni. Lakini abiria yule naye ni mfanya kazi, na nauli yake ni nauli.

Wasemao hakuna fedha na waje tupige hesabu. Kipimo kinachojulikana na mafundi ni hiki: kwa kila futi 1 ya kupanda, mteremko wa futi 12. Baraza ya futi moja yahitaji basi futi 12 za zege na siku chache za mwashi. Mlango ukijengwa mpana tangu mwanzo haugharimu kitu cha kutajwa. Kuuvunja baadaye ndiko ghali. Na mteremko huo atapita mama mwenye mtoto mgongoni, atapita mzee wa pensheni, atapita mwenye kusukuma mkokoteni wa viazi.

Hapa lazima tuangalie sana. Manispaa ikisikia “njia ya miguu” haitakwenda kwa mwenye jengo. Itamkimbilia mama mwenye fungu la nyanya chini, imwage mali yake. Hatukubali. Mama huyo akae pa haki, penye kibanda na choo, ndipo aambiwe kuondoka njiani. Na anayepaswa kuanza kuondolewa ni yule aliyejenga ngazi zake za saruji juu ya njia ya watu wote.

Asiyeamini kwamba watu hawa hutaka kazi na aende Busia, safari fupi tu kutoka hapa. Mpakani pale watu wasioweza kutembea huvusha bidhaa kati ya Kenya na Uganda kwa baiskeli za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono. Hubeba mizigo ambayo wewe ungeita lori. Ukiondoa lami ile ukaweka ngazi kumi, kesho watu hao hao utawakuta wameketi kando ya njia, nawe utawapa shilingi ishirini.

Kwa hiyo twasema hivi. Mikutano ya wanachama ifanywe chini, si ghorofani. Kamati zikikaa na waajiri kutengeneza mkataba, mlango, choo na mteremko viandikwe pamoja na mshahara. Na sheria ya 2025 yamtaka mwajiri mwenye watu 20 au zaidi aweke asilimia 5 ya nafasi za kazi kwa wenye ulemavu. Mwenye watu 200 anadaiwa nafasi 10. Muulizeni ziko wapi. Akijibu kwamba hakuna aliyekuja kuomba, mshikeni mkono mkamwonyeshe ngazi za mlango wake.