Usiniambie ni Kazi Tu

Kila nikisema kafala ni ndugu ya utumwa, kuna mtu ataniambia nipunguze maneno. Ati mtumwa hununuliwa, lakini dada zetu wa Kyuso wanapanda ndege kwa hiari yao na wana mshahara. Sawa. Hebu basi twende Athens ya kale.

Kule hakukuwa na raia na mtumwa peke yao. Katikati alikuwepo metiki, mgeni mkaazi. Alikuwa huru. Alifanya biashara na hata kupigana vitani. Lakini kura hakuwa nayo, na ilibidi awe na raia wa kumdhamini. Kila mwaka mwanamume alilipa kodi ya ugeni drakma 12. Mwanamke anayejitegemea, 6. Akikosa kulipa, au akipatikana hana mdhamini, angeweza kuuzwa mnadani. Aristotle mwenyewe alikuwa mgeni wa aina hiyo, na bado aliandika kwamba mtumwa ni chombo chenye uhai.

Sasa njoo Riyadh. Mdhamini huku anaitwa kafili. Ukaazi wako umefungwa kwa jina lake. Ukitoka kwake bila ruhusa anakuripoti umetoroka, na wewe uliyenyimwa mshahara ndiye unageuka mkosaji. Saudia ilipiga marufuku utumwa 1962. Mwaka 2021 ikalegeza sheria ili wafanyakazi wageni waweze kubadilisha mwajiri, lakini wafanyakazi wa nyumbani wakaachwa nje. Hao ndio dada zetu.

Na hiyo hiari? Mvua ikikataa misimu miwili, ndengu zikauke shambani, mbuzi wauzwe kwa bei ya kutupa, karo ibaki pale pale (yangu ilibaki, nikaacha chuo), hiari ni ya nani? Ajenti anajua vizuri ni mwezi gani watu wa Kyuso watakubali chochote.

Sisemi wasiende. Wengine wamejenga, wamesomesha ndugu zao. Hata Athens, Pasion alianza mtumwa akafa raia tajiri, mwenye benki. Bahati ya mmoja haikufuta sheria iliyowabana wengine.

Katiba yetu, kifungu cha 30, inakataza mtu kuwekwa katika utumwa. Basi serikali inayojisifia pesa wanazotuma nyumbani isitie sahihi mkataba wowote unaomwacha dada yetu mikononi mwa kafili. Ikishindwa kudai hilo, ajenti mkubwa kuliko wote Kenya ni yenyewe.