Dodoso Ndani ya Miwani: Lugha ya Mgonjwa Itangulie

Uhalisia pepe umekwisha kuwa chombo cha tiba. Nchini Marekani, tangu miaka ya 1990, baadhi ya wagonjwa wenye majeraha ya moto huvalishwa miwani inayowaingiza katika ulimwengu wa kompyuta wakati vidonda vinaposafishwa, ili maumivu yapungue. Hata hivyo, miwani hiyo huweza kusababisha kichefuchefu. Kumvua mgonjwa ili ajaze karatasi humtoa katika hali ileile inayochunguzwa. Ndiyo maana watafiti huyaweka maswali ndani ya miwani yenyewe.

Hapo ndipo penye kazi. Dodoso linalotumika sana kupima madhara hayo lilichapishwa mwaka 1993 kwa ajili ya marubani wanaojifunza katika mitambo ya kuigiza urukaji. Lina dalili 16, kila moja ikipimwa kwa ngazi nne. Linatofautisha kizunguzungu cha macho wazi, cha macho yaliyofumbwa, na hisia ya dunia kuzunguka. Mgonjwa wa Kigoma huziita zote kizunguzungu. Kwa upande mwingine, abiria wa boti ya Kibirizi aliyelevywa na mawimbi husema "moyo unachafuka". Asiyeijua kauli hiyo ataandika ugonjwa wa moyo, ilhali mgonjwa anataka kutapika.

Adabu nayo ina sehemu yake. Mzee wa Ujiji akiulizwa hali, hujibu kwanza "sijambo", kisha ndipo hufuata "ila…". Kitufe hakiisubiri "ila". Mgonjwa aliyeandikwa kuwa mzima huinuka kitini na kuanguka.

Wapo wanaohofu kwamba kubadili maneno kutazuia kulinganisha matokeo na ya nchi nyingine. Lakini tarakimu hulinganishika pale tu waulizwaji wote walipoelewa jambo moja. Kwa hiyo, kabla miwani haijafika wodini Maweni, maswali yatungwe pamoja na wauguzi, wavuvi na wagonjwa wenyewe. Yawe machache, yasikike kwa sauti, kwa Kiswahili na kwa Kiha, ili asiyesoma asiachwe nje. Kila swali lijaribiwe kwa kumwomba mgonjwa aeleze alivyolielewa. Na miwani ikishavuliwa, muuguzi amwache mgonjwa aketi kidogo, kisha amuulize tena, na aisubiri ile "ila".