Mitambo ya Mtandao Ikaguliwe Kabla Haijazimika

Mkazi wa kisiwa cha Mafia mwenye shida ya kiserikali mjini Dar es Salaam huianza safari yake baharini. Huvuka hadi Nyamisati, akapanda basi la Mbagala, na hatimaye akasimama mbele ya dirisha la ofisi huko Temeke au Kinondoni akiwa na karatasi zake mkononi. Hapo akiambiwa kwamba mtandao hakuna, arudi kesho, maneno hayo mafupi humgharimu nauli, malazi na siku za kazi. Ndugu yake wa Unguja au Pemba anayevuka kwa boti hana nafuu yoyote zaidi.

Jibu hilo sasa limekuwa la kawaida mno. Hutolewa kana kwamba mtandao ni mvua, ambayo hunyesha na kukatika ipendavyo. Lakini mtandao ni mitambo. Imenunuliwa kwa fedha za wananchi, imefungwa na mafundi wanaojulikana, nayo ina mahali ilipo. Yenye uzito mkubwa kabisa imo katika vituo vya data, kama vile Kituo cha Taifa cha Data kilichoko Kijitonyama, wilayani Kinondoni, ambacho kinasimamiwa na Shirika la Mawasiliano la TTCL. Mingine midogo imo katika makabati ya chuma kwenye hospitali, mabenki, ofisi za kata na bohari za kuelekea bandarini.

Katika mitambo hiyo, leo tunataka kuuzungumzia mmoja tu, nao ni swichi. Swichi ni njia panda ya mtandao. Kila ujumbe unaotoka kwenye kompyuta moja kwenda nyingine hupita ndani yake, nayo huuelekeza kwenye mlango unaoupasa. Kompyuta moja ikifa, ofisi moja huathirika. Swichi kubwa ya kituo cha data ikifa, huenda ofisi mia zikanyamaza kwa dakika moja.

Kwa kulitambua jambo hilo, waundaji wa swichi hizo wamezipa viungo vya akiba. Kwa kawaida swichi kubwa ina pawa saplai mbili, ili moja ikiungua nyingine ibebe mzigo wote. Ina feni kadhaa, ili moja ikisimama zilizobaki ziongeze mwendo. Vituo makini hufunga swichi mbili pacha, ili moja ikilala nyingine iendelee na kazi. Huo ni utaratibu mwema, lakini ndani yake umejificha mtego ambao viongozi wengi hawauoni.

Mtego wenyewe ni huu. Pawa saplai ya kwanza ikiungua leo, hakuna mwananchi atakayelalamika, wala mkubwa yeyote atakayepiga simu. Kazi itaendelea kama jana. Taa ndogo ya kijani itageuka kuwa nyekundu ndani ya chumba kilichofungwa, na mtambo utaandika habari hiyo katika kumbukumbu zake. Ikiwa hakuna wa kuitazama taa hiyo wala wa kuzisoma kumbukumbu hizo, swichi itaendelea kwa wiki au miezi ikitegemea mguu mmoja. Siku mguu huo nao utakapovunjika, watu watasema mtambo umekufa ghafla. Haukufa ghafla hata kidogo. Ulikuwa mgonjwa siku nyingi, nao ulisema, ila hapakuwa na msikilizaji.

Kwa sababu hiyo tunasema kwamba kuendelea kwa kazi si ushahidi wa uzima wa mtambo. Wenzetu wa visiwani wanalijua jambo hili kuliko mtu yeyote. Nahodha mwenye akili hangoji jahazi lipinde ndipo ashuke ngamani kutazama maji. Hushuka kila siku, hata bahari ikiwa shwari, kwa kuwa anajua kwamba kalafati huanza kulegea mahali pasipoonekana.

Ukaguzi wa swichi nao hauhitaji miujiza. Fundi wa zamu anatakiwa kuthibitisha kwamba pawa saplai zote mbili zinafanya kazi, na kwamba kila moja imeunganishwa kwenye njia yake ya umeme. Anatakiwa kutazama mwendo wa kila feni, na kuhakikisha kwamba feni zote zinavuta hewa kutoka upande wa baridi wa kabati. Zikifungwa kinyume, mtambo huvuta joto la mwenzake. Vipimajoto vilivyomo ndani ya swichi humpa tarakimu za kuandika. Kanuni ya kimataifa inayofuatwa sana hupendekeza kwamba hewa inayoingia kwenye mitambo iwe kati ya nyuzi 18 na 27 za Selsiasi. Mjini Dar es Salaam, ambako hewa ya nje huzidi kiwango hicho miezi mingi, jambo hilo haliwezekani pasipo viyoyozi vilivyo vizima.

Aidha, fundi anatakiwa kupima nguvu ya mwanga unaosafiri katika nyuzi za mawasiliano. Mwanga ukipungua kwa desibeli 3, maana yake ni kwamba nusu yake imepotea, pengine kwa sababu ya vumbi kwenye kiungio au waya uliopindwa. Na katika kila mlango wa swichi kuna hesabu ya vifurushi vya data vilivyoharibika njiani. Hesabu hiyo ikiwa inapanda siku hadi siku, ugonjwa umekwisha kuanza. Yote haya fundi huyapata kwa kuandika amri chache kwenye kompyuta yake, kisha kwa kwenda mwenyewe kutazama kwa macho.

Wapo watakaosema kwamba siku hizi programu hufanya kazi hiyo zenyewe na kumpelekea fundi taarifa. Ni kweli, na programu hizo zitumike. Lakini tahadhari inayopelekwa kwa mtu aliyehamishwa kituo tangu mwaka jana haimwamshi mtu yeyote. Na mahali ambapo tahadhari ndogo ndogo humiminika kwa mamia kila siku, ile moja ya maana hupotea katika kelele. Zaidi ya hayo, programu haioni kutu ya chumvi ya bahari, wala vumbi la Mbagala lililoziba matundu ya hewa, wala maji yanayodondoka kutoka kwenye kiyoyozi juu ya kabati. Jicho la binadamu bado lina kazi.

Wala shida hii si ya nchi changa peke yake. Julai 2022, joto lilipofikia nyuzi 40 mjini London, vituo viwili vya data vinavyohudumia hospitali za Guy's na St Thomas' vilizimika, madaktari wakarudi kuandika kwenye karatasi. Ikiwa hali hiyo iliwafika wao, sisi ambao joto ni jirani yetu wa kila siku hatuna haki ya kulala.

Wananchi wa Unguja nao hawahitaji kuhadithiwa gharama ya mtambo mmoja kufa. Waya wa umeme uliotandazwa mwaka 1980 kutoka Ras Kiromoni upande wa Bara hadi Fumba ulipopata hitilafu Mei 2008, kisiwa kilikaa gizani karibu mwezi mzima. Desemba 2009 hitilafu ikarudi, na giza likadumu karibu miezi mitatu. Pampu za maji zilisimama na biashara zikaumia. Waya mpya wa megawati 100 ulianza kazi mwaka 2013. Siku hizi pamoja na umeme, sehemu kubwa ya mawasiliano ya visiwani nayo huvuka bahari kutokea Dar es Salaam. Kwa hiyo afya ya swichi iliyoko Kinondoni ni jambo la mvuvi wa Mkoani na mwenye duka wa Kilindoni.

Ni kweli kwamba si kila kukatika kwa mtandao kunatokana na uzembe. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, Tanzania iliathirika vibaya, na hakuna fundi wa Kijitonyama aliyeweza kuzamia kuziunga. Lakini bahari isigeuzwe kisingizio cha kila siku. Yaliyo nje ya uwezo wetu yasifunike yaliyo mikononi mwetu.

Taifa hili liliwahi kuingia katika mjadala mkubwa juu ya mashine hizi. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974, baada ya matatizo mengi, uingizaji wa kompyuta nchini ulipigwa marufuku isipokuwa kwa kibali. Mjadala wa siku zile ulikuwa kama tuwe nazo au tusiwe nazo. Huo umekwisha. Tangu 2017 malipo ya Serikali hukusanywa kwa mfumo wa kielektroniki, na mwaka 2019 ilipitishwa Sheria ya Serikali Mtandao. Swali lililobaki ni kama tutazitunza.

Tunapendekeza basi mambo manne. Kwanza, kila chumba cha mitambo kiwe na daftari la ukaguzi la kila siku, lenye sahihi ya fundi, na mkuu wa ofisi alipitie kila wiki. Pili, bajeti ya kununua swichi isipitishwe bila fungu la feni, pawa saplai na viungio vya akiba. Na akiba hiyo iwekwe Unguja, Pemba na Mafia pia, maana kipuri kinachongoja boti hakimsaidii mgonjwa aliyeko hospitali. Tatu, kwa saa iliyopangwa, chanzo kimoja cha umeme kizimwe kwa makusudi ili ijulikane kama cha pili kinabeba kweli. Nne, huduma ikikatika, wananchi waelezwe sababu yake kwa lugha nyepesi.

Hatumnyoshei kidole mtu yeyote. Mafundi wengi wanafanya kazi usiku na mchana pasipo kusifiwa, kwa kuwa kazi yao ikifanywa vizuri haionekani. Tunachowaomba wakuu wao ni kuwapa vipuri, mafunzo na sikio, fundi akisema kwamba pawa saplai moja imeungua asijibiwe kuwa mbona mtandao unafanya kazi.

Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Mwiba wetu leo ni taa ndogo nyekundu ndani ya chumba kilichofungwa. Yupo mtu mwenye ufunguo wa chumba hicho. Aufungue mlango leo, akatazame.