Mkono wa gia wa haibridi: kagua kwanza kabla hujatuma hela Kariakoo

Ujumbe umetufikia kwa simu kutoka Chunyu. Msikilizaji wetu ana gari la haibridi, mkono wa gia umegoma kutoka kwenye P, na fundi amemwambia atume hela Dar es Salaam aletewe mwingine. Anauliza achukue upi: mtumba wa Japani au mpya wa Kichina? Tulimjibu hewani kwa kifupi, lakini maswali ya namna hii yanazidi, ndiyo maana tunaliandika hapa.

Haibridi ni gari lenye injini ya petroli na mota ya umeme kwa pamoja. Zamani huku kwetu ukiona gari dogo ni IST. Sasa Aqua, Prius na Honda Fit za haibridi nazo zimo. Sababu haijifichi: EWURA ikitangaza bei ya mafuta Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, kila mwenye gari anatega sikio, na gari linalokunywa kidogo linapata mnunuzi. Shida ni kwamba magari yametangulia, mafundi na spea wanafuata nyuma. Kifaa cha kufungwa Nachingwea au Ruangwa kinasafiri zaidi ya kilomita 500. Na barabara yenyewe tunaijua. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata pale Somanga, mizigo na abiria walikwama. Ukiletewa kifaa kisichoingia, unalipa nauli yake mara mbili na gari linaendelea kulala.

Kwa hiyo swali la kwanza si ununue upi. Ni kama mkono wenyewe umeharibika kweli.

Gari la otomatiki limetengenezwa lisitoke kwenye P mpaka ukanyage breki. Linajua umekanyaga kupitia swichi ndogo iliyo juu ya pedeli, ileile inayowasha taa za breki. Swichi hiyo ikifa, mkono wa gia unakataa hata kama ni mzima. Mwambie mtu asimame nyuma ya gari, wewe kanyaga breki. Kama taa za breki zote haziwaki, anza na fyuzi na swichi. Hivyo ni vitu vya bei ndogo ukilinganisha na mkono mzima wa gia.

Halafu kuna betri. Haibridi ina betri mbili: kubwa inayosukuma gari, na ndogo ya volti 12 inayoamsha kompyuta. Ndogo ikichoka, taa za dashibodi zinawaka ovyo, neno READY halitokei na gia haziingii, na dereva anaulaumu mkono wa gia. Betri nzima iliyopumzika inasoma karibu volti 12.6. Ikiwa chini ya 12, ichajiwe kwanza ndipo mzungumze mengine.

Kama vyote hivyo viko sawa na tatizo limebaki palepale, sasa ingia sokoni, ukijua gari lako ni la aina gani. Kwenye Aqua mkono unakaa pale ulipouweka, kama otomatiki tulizozizoea. Kwenye Prius za kuanzia 2003 na Fit za haibridi za toleo la 2013, kuna kimkono kifupi kinachorudi katikati ukikiachia, na P ni kitufe pembeni. Kile kimkono kinapeleka ujumbe kwenye kompyuta, na kompyuta ndiyo inayoamua. Hata ule wa Aqua una swichi na nyaya zinazotoa taarifa, usiuone kama chuma tu.

Kwa maoni yetu, mtumba wa Japani uliotoka kwenye gari la aina moja na lako ni bora kuliko mpya usiojulikana umetengenezwa na nani. Neno "aina moja" lina uzito hapo. Muuzaji akikuambia "hii ni ya Aqua, inaingia tu," usikubali. Soma kwenye kadi na kwenye kibati cha gari: Aqua nyingi ni NHP10, Prius ya kizazi cha tatu ni ZVW30, Fit ni GP5. Mwombe muuzaji picha ya kibandiko chenye namba ya kifaa na picha ya soketi ya nyaya, ulinganishe na ya kwako. Soketi zikitofautiana, achana nacho. Fundi anayetaka kukata nyaya na kuziunga ili ziingiane anakutafutia balaa. Dai risiti ya EFD, na mwafikiane kabla ya kutuma hela kama kifaa kitarudishwa kisipofanya kazi.

Kwa nini tunakazania hivi? Mwaka 2016 kampuni ya Fiat Chrysler iliyaita magari zaidi ya milioni 1.1 yarekebishwe, kwa sababu mkono wake wa gia ulirudi katikati na madereva walishuka wakidhani wameweka P. Mwigizaji Anton Yelchin alikufa Juni mwaka huo nyumbani kwake Los Angeles, baada ya gari lake kuserereka na kumbana. Yale yalikuwa magari mapya kutoka kiwandani. Fikiria sasa kifaa cha kuungaunga, gari limeegeshwa kwenye mteremko siku ya mnada, watoto wako nyuma yake.

Ukishafungiwa, jaribu kwenye uwanja tambarare, mawe yakiwa mbele na nyuma ya matairi. Weka gia moja moja na uangalie kama herufi ya dashibodi inalingana na ulichoweka. Handibreki ivutwe kila unaposhuka, gia iwe mpya au ya zamani. Na kwa kuwa wengi wanatuuliza: B si betri, ni ya kupunguza mwendo kwenye mteremko mrefu, kama ule wa kushuka kutoka Newala kwenda Masasi. Usiache gari kwenye N muda mrefu likiwa linawaka, kwani haibridi za Toyota hazichaji betri kubwa zikiwa kwenye N.

Msikilizaji wetu wa Chunyu alituandikia tena jioni. Taa zake za breki haziwaki hata moja. Hela bado anayo.