Maslaha ya Nani?

Mwandishi mmoja aliyedai kwamba kila ugomvi urudishwe kwa wazee, kwa kuwa Katiba imeruhusu, hakuisoma hadi mwisho. Kweli, ibara ya 159 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inazitaka mahakama zihimize upatanisho na njia za jadi. Ibara hiyohiyo inazikataa njia hizo zikivunja haki za msingi.

Mpaka wa shamba, deni, ng'ombe waliokula mahindi ya jirani: hapo wazee waachiwe, tena wana kasi kuliko hakimu. Ila msichana aliyenajisiwa je? Katika vikao vya maslaha, yaani upatanisho wa wazee kule kaskazini mashariki, wanaume wa koo mbili huketi, ngamia wakahesabiwa, baba akapokea, na mtoto mwenyewe asiulizwe neno. Eti amani. Amani ya koo, labda.

Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006, kifungu cha 40, haimpi hata polisi uamuzi wa kusitisha kesi kama hiyo, sembuse mzee wa ukoo. Anayeletewa shauri hilo ana kazi moja tu: ahakikishe mtoto amefika hospitali na kituo cha polisi siku hiyohiyo.