Barabara tulishalipa. Gari yenye kuvunjika, nani atalipa?

Bandugu vijana wa Lubumbashi, wa Likasi, wa Kolwezi na wa Kongo yote,

Kila masika ni ileile. Mvua inanyesha usiku, maji inafunika mashimo, na asubuhi magaraje ya Katuba, Rwashi na Kampemba inajaa. Rotile imekatika, amotisere imekufa, janti imepindika. Shofere anaingiza mukono mu mufuko, analipa, anarudia njia ileile. Tumezoea kusema: "Ni bahati mbaya." Hapana! Hii ni deni, na mwenye deni anajulikana.

Tuhesabu pamoja. Mu kila litre ya esanse tunayonunua, kuna sehemu ya FONER, mufuko uliowekwa na sheria ya mwaka 2008 kwa kutunza barabara. Ukitoka hapa kuenda Likasi, unasimama ku peaje, unalipa. Kila mwaka mwenye gari analipa vinyeti. Mara tatu. Kisha barabara inavunja gari, tunalipa mara ya ine. Ku soko, mutu akikuuzishia unga ya kuoza, unamurudishia na unadai franga zako. Mbona Leta inatuuzishia mashimo na sisi tunanyamaza?

Tena muangalie namna sheria inatembea na muguu moja. Taa yako moja haiwake: polisi ya barabarani anakusimamisha, papo hapo unalipa amandi. Lakini shimo yenye kumeza gurudumu nzima, hakuna anayeiandikia karatasi. Gari mbovu ni kosa, barabara mbovu ni mapenzi ya Mungu!

Kuna wenye kusema: "Wenye magari ni matajiri, wajipange." Uongo. Shofere wa taksi-basi, mara mingi gari si yake. Mangaribi patroni anangojea verseman, hata kama gari ilishinda ku garaje. Ile siku watoto wake watakula nini? Na rotile ile, mwisho wake ni mama mwenye kupeleka mboga ku soko ndiye anailipa, juu bei ya safari inapanda. Asiransi ya lazima nayo inalipa yule uliyemugonga. Gari yako haitengeneze.

Wengine wanasema: "Serikali ikilipa magari, itatengeneza barabara na feza gani?" Mwaka 2020, tribinali ya Kinshasa ilikatia kifungo mukubwa wa FONER na mukubwa wa OVD, ofisi ya barabara za miji, wa wakati ule, juu ya wizi wa feza za programu ya siku 100. Basi feza ilikuwako. Na kama serikali inaogopa bei ya amotisere, dawa ni rahisi: izibe shimo mbele gari haijaingia. Leo shimo haipotezeshe mukubwa yeyote hata franga moja, ndiyo maana inazeeka pale. Siku itaanza kumugharimu, lami itafika mbio.

Hatuombe huruma. Kode sivile yetu, kitabu cha 3, ya mwaka 1888, kifungu 258, inasema mwenye kuharibia mwenzake kwa kosa lake anapashwa kulipa. Kifungu 260 inaongeza kwamba mutu anajibu pia juu ya vitu vilivyo chini ya ulinzi wake. Barabara za muji ziko chini ya ulinzi wa nani, kama si Leta? Na Katiba, kifungu 27, inaturuhusu kuandikia wakubwa petisyo, mutu mumoja ao kikundi, na wao wanapashwa kujibu mu miezi 3.

Kwa hiyo tunadai:

1. Serikali ya provensi ifungue biro ya kupokea madai ya magari na pikipiki zilizoharibiwa na barabara.

2. Itangaze kila miezi 3 franga ngapi za FONER, peaje na vinyeti zilifika hapa, na zilienda ku barabara gani.

3. Kila shimo kubwa iwekewe alama mbele ya kutengenezwa, juu pikipiki ikianguka usiku si janti tu inavunjika, ni mutu.

Na wewe, kijana, ufanye hivi. Gari ao pikipiki ikivunjika, piga picha ya shimo na ya gari palepale. Andika siku, saa na jina ya avenue. Omba fakture yenye muhuri ku garaje. Kipande kilichovunjika usikitupe. Tafuta watu wawili wenye kuona. Kisha ulete vyote kwetu, tuunganishe mafaili kumi, mia, mu petisyo moja, na tubakie na kopi yenye muhuri ya kupokelewa. Faili moja wanaweza kuificha mu droo. Mia, watatafuta droo wapi?

Wale wenye kuziba mashimo na matofali na kuomba mashofere franga, tunawaheshimu kwa jasho yao. Lakini ile kazi ilishalipiwa. Mulipwaji hajafika ku kazi.

Siku petisyo itapokelewa, tutaanza kuhesabu miezi 3, siku kwa siku. Wakinyamaza, tutaonana ku tribinali, na fakture zetu mu mukono.