Uliza ni chuma gani ulichowekewa mfupani

Msomaji, ikiwa uliwahi kuvunjika mguu ukawekewa chuma, je, wajua ni cha aina gani? Wengi wanaofika kwangu hawajui.

Vyuma hivyo huwa hasa vya aina mbili: chuma kisichoshika kutu, au titani. Vikigusana mwilini, majimaji yenye chumvi huvigeuza kama betri. Kimoja chaweza kuliwa polepole, na chembechembe zake zikaleta uvimbe na maumivu. Ndiyo maana madaktari wa mifupa huonywa wasikaze bamba la aina moja kwa skrubu za aina nyingine.

Siku hizi wahandisi huyeyusha unga wa metali kwa miale ya leza, tabaka juu ya tabaka, ili kuunganisha metali tofauti. Hata hivyo, titani na chuma vikiyeyushwa pamoja, kiungo huvunjika kwa urahisi. Hulazimika kuweka metali ya tatu katikati, kama vile vanadi.

Ikiwa kiwandani ni vigumu hivyo, usikubali mchanganyiko wa kubahatisha mfupani mwako. Kabla ya kutoka hospitalini, dai uandikiwe aina ya chuma ulichowekewa. Itunze karatasi hiyo. Daktari atakayebadilisha skrubu moja miaka 10 baadaye ataihitaji.